Bolti imenikatikia mkononi, mzee

Kama unasoma hapa kabla ya kwenda ibadani, au umesharudi na chakula bado kiko jikoni, naomba dakika chache nikupeleke gereji. Biblia iwe karibu. Tutaihitaji kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6.

Wiki chache zilizopita tulikuwa na safari ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, harusi ya mtoto wa dada yangu. Gari langu ni Toyota ya zamani ambayo imenizoea kama nami nilivyoizoea. Mke wangu akakataa katakata kuupanda mlima Kitonga na mkanda wa taimingi ambao hakuna anayejua umri wake. Alikuwa na haki. Mikanda hiyo kwa magari mengi ya aina hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, nami nilishaacha kuhesabu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuinua boneti, nieleze kidogo. Mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno, umefichwa ndani ya mfuniko ubavuni mwa injini. Unaunganisha mhimili wa chini, ambao mafundi huuita krenki, na ule wa juu unaofungua na kufunga valvu, yaani kamshafti. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti lazima izunguke mara moja, bila kuwahi wala kuchelewa. Mkanda ukiruka jino moja, gari linakosa nguvu na kutetemeka. Ukikatika, injini inazimika hapo hapo, na katika injini nyingi valvu zinagongana na pistoni. Hapo bili yake inaweza kukufanya uanze kupanda daladala.

Basi nikalipeleka gari kwa fundi mmoja kijana mwenye gereji chini ya mwembe. Nilimwambia abadilishe mkanda tu. Kulikuwa na matone chini ya gari kila asubuhi, mengine meusi ya oili na mengine ya maji, lakini nilimwambia hayo tutayaona baada ya harusi. Nikaenda kwa mama ntilie kunywa chai.

Sikumaliza kikombe. Kijana akaja akijifuta mikono kwa tambara, akasimama mbele yangu. "Mzee, bolti imenikatikia mkononi. Njoo uone."

Naona aibu kukuambia nilichomjibu. Nilisema, tena mbele za watu, "Umenivunjia gari." Hakujitetea. Alinipeleka, akanimulikia kwa tochi. Ilikuwa bolti ndogo ya spana namba 10, mojawapo ya zile zinazoshika pampu ya maji, maana katika injini kama yangu pampu nayo inazungushwa na mkanda huo huo. Kichwa cha bolti kilikuwa kiganjani mwake. Shina lilibaki ndani, limekatika sawasawa na uso wa alumini, hakuna hata pa kushika kwa praizi.

Akanieleza kwamba bolti ni ya chuma na nyumba yake ni ya alumini, na maji yakipenya kati yake miaka mingi vinaumana vikawa kitu kimoja. Akaniuliza ninaweka nini kwenye rejeta. Nikasema maji ya bomba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kutu ni ya siku nyingi, mzee, ila mkono ni wangu. Ningeipasha moto kwanza."

Msomaji wangu, fikiri kijana huyu angeweza kufanya nini. Aliniambia mwenyewe baadaye, tulipozoeana. Angepaka silikoni pande zote, afunge pampu kwa bolti zilizobaki, aweke mkanda mpya, arudishe mfuniko. Mfuniko ukirudi, hakuna anayeona kitu. Ningemlipa, ningemshukuru, ningekwenda Iringa na pengine kurudi salama. Miezi miwili mbele maji yangeanza kuvuja, nami ningelaumu pampu, au barabara, au mke wangu aliyeendesha mara ya mwisho. Yeye asingetajwa kabisa.

Sasa fungua kile kitabu cha Wafalme. Wana wa manabii walibanwa na makao yao, wakashuka Yordani kukata miti ili wajenge pengine pa kukaa. Mmoja alikuwa akiangusha mti, chuma cha shoka kikamchomoka kikazama majini. Akamlilia Elisha, na kilichomliza zaidi ni kwamba shoka lile alikuwa ameliazima. Huyu alikuwa kazini. Tena kazi njema, nyumba ya watu wa Mungu. Hakuwa mwizi wala mzembe, hatuambiwi hivyo. Chuma kilimtoka akiwa anafanya jambo ambalo nabii mwenyewe alilibariki.

Mtazame Elisha. Hakumkaripia wala hakumuuliza alilifungaje shoka. Alimuuliza swali moja tu, kimeanguka wapi. Yule mtu akamwonyesha mahali. Ndipo nabii akakata kijiti, akakitupa pale pale, na chuma kikaelea. Mara nyingi tunahubiriwa chuma kilichoelea, na ni haki, ni muujiza. Lakini mimi siku hizi nakwama kwenye ule mstari wa katikati, mtu anainua mkono na kunyoosha kidole juu ya maji, anasema ni pale. Angeweza kurudi kambini na mpini mtupu akasema shoka limeibwa. Angeweza pia kuomba msamaha kwa Mungu kimyakimya huku mwenye shoka akiendelea kulitafuta.

Kazi ya kuitoa ile bolti ilichukua siku nzima, na nilikaa hapo kuitazama kwa sababu ya aibu. Kwanza alipulizia mafuta ya kulainisha kutu, tukasubiri. Kisha akapasha alumini kwa moto wa gesi, akiniambia kwamba alumini hutanuka kuliko chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo inalegeza mshiko wake. Shina halikutikisika. Mwenzake akamletea kile kifaa cha kuingiza ndani ya bolti iliyotobolewa na kuizungusha kinyume. Akakikataa. "Hiki ni chuma kigumu sana, mzee. Kikikatikia humo ndani, hapo ndiyo utanichukia kweli."

Mwisho alimwita mchomeleaji wa mageti wa jirani. Wakaweka nati juu ya lile shina, wakachomelea kupitia tundu la nati, ili nati na shina viwe kitu kimoja. Nati ya kwanza ilibanduka, ya pili nayo ikabanduka. Ya tatu ilipopoa kidogo akaweka spana, akasukuma mbele nukta moja, akarudisha nyuma nukta moja, mbele, nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto. Saa kumi jioni ikatoka. Akasafisha meno ya tundu lile, akanionyesha bolti mpya kabla ya kuifunga.

Siku hiyo ndipo nilipojifunza habari za matone. Mkanda wangu wa zamani ulikuwa umevimba na kulainika upande mmoja, kwa sababu sili za oili za krenki na kamshafti zilikuwa zinavuja juu yake. Oili ni adui wa mpira ule. Ningeweka mkanda mpya juu ya sili zinazovuja, ungekwisha kabla ya wakati wake. Na sili zenyewe bei yake ni ndogo kuliko ya mkanda! Nimekaa kwenye mikesha mingi nikaona watu, nami nikiwemo, tukibadilisha mkanda kila mwaka kwa machozi, na sili hatugusi.

Lakini kilichonichoma zaidi ni pampu. Chini ya pampu ya maji mtengenezaji ameacha kitundu kidogo, makusudi. Sili ya ndani ikianza kuchoka, maji yanatokea hapo tone tone, ili mwenye gari aone, na ili maji yasiingie kwenye beringi. Fundi alipoichomoa pampu yangu akaniuliza nani aliziba hiki kitundu. Kilikuwa kimejazwa silikoni. Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma nilimwambia fundi mwingine, mahali pengine, "Hapo panapotona pazibe tu." Akapaziba, nami nikafurahi sana kuona sakafu kavu. Beringi ilikuwa imekula maji muda wote huo, na ukiizungusha kwa mkono ilikuwa inanguruma.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikashindwa kulala, na si kwa sababu ya gari.

Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye kamati ya usuluhishi. Miaka sita iliyopita tulisuluhisha ndugu wawili waliokuwa wakigombania nyumba ya marehemu baba yao. Mdogo akanijia faraghani akaniambia jambo zito. Hati ya nyumba ile alikuwa ameiweka dhamana ya mkopo, mtoto wake alipokuwa anaumwa, na alikuwa karibu kumaliza deni. Akaniomba nisiseme mpaka aikomboe, kisha angemwambia kaka yake mwenyewe. Nikamwahidi. Nikamwambia mtu mmoja tu, mzee mwenzangu, "kwa ajili ya maombi". Unalijua neno hilo, msomaji. Wiki haikuisha, kaka mkubwa akawa anajua.

Siri ilivuja, wakaanza kutafuta ilipovujia. Waliokuwa wanaijua ni wawili, mimi na mke wa yule mdogo. Nani atamshuku mzee wa kanisa? Mumewe akaamua ni mkewe. Mama yule akarudishwa kwao miezi minane. Na tulipoitwa kuwapatanisha, niliyekaa kiti cha mbele ni mimi. Nilimshauri ajifunze kuuchunga ulimi wake. Kisha nikamwombea.

Sikukusudia ubaya. Nilikuwa kazini, tena kazi njema, na bolti ikanikatikia mkononi. Lakini kilichofuata nilikitenda nikiwa na akili zangu timamu, nilipaka silikoni nikarudisha mfuniko. Kwa Mungu nilitubu, mara nyingi. Nimewahi hata kushuhudia kwa kipaza sauti kwamba Bwana amenisamehe mambo ambayo nisingeweza kuyataja. Watu wakasema amina. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mstari wa kina mama, naye akasema amina.

Ukisoma Walawi sura ya 6 utaona utaratibu ambao sisi tumeupindua. Mtu aliyemdhulumu mwenzake anarudisha kile kitu kamili, anaongeza sehemu ya tano juu yake, na anampa mwenyewe, siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Yesu naye katika Mathayo 5 anamwambia mtu aache sadaka yake pale mbele ya madhabahu, aende kwanza. Sisi tunamalizana na madhabahu, kisha tunakwenda kula. Sehemu ya tano ya miaka sita ya jina la mtu ni kiasi gani, sijui namna ya kuipigia hesabu. Ila najua ni ya kulipwa kwake, na mfuko wa kanisa hauwezi kuipokea kwa niaba yake.

Hapa naomba niseme jambo na ninyi mnaokaa kwenye mabenchi, na viongozi wenzangu. Rudi kwenye lile jibu langu kwa fundi, "Umenivunjia gari." Kama angekuwa amewahi kujibiwa hivyo mara tatu, unadhani angekuja tena na kichwa cha bolti kiganjani? Makanisani mwetu mhazini msaidizi akija kusema hesabu imepungua, hajui ilipopotelea, tunamweka pembeni mbele ya mkutano mzima. Kijana wa kwaya akisema amempigia mtu amplifaya ya kanisa ikaungua, anaitwa majina mpaka anahama. Halafu tunashangaa kwa nini hesabu zetu zote ziko sawa na vyombo vyetu vyote vinakufa "vyenyewe". Watu wametusoma. Wamejua kwamba kwetu anayenyamaza anabaki na cheo, na anayesema anabaki na jina baya.

Sisemi kosa lisilipwe. Fundi wangu alimlipa mchomeleaji kutoka kwenye ufundi wake, na nilipotaka kurudisha yote alikubali nusu tu. Akasema nusu nyingine ni ya mkono wake na nusu niliyolipa ni ya maji yangu ya bomba. Tukacheka wote wawili. Kulipa kupo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuja mwenyewe na bolti mkononi asipokelewe kwa sauti ile ile ya yule aliyekamatwa.

Na nimwonye pia yule ambaye baada ya kusoma hapa atakimbilia kipaza sauti. Subiri kwanza. Jambo ulilolivunja likiwa la mtu, mwenye nalo ni mmoja, na mkutano si mahali pake pa kulisikia kwanza. Ukilisema hadharani kabla yake, umemvujishia tena.

Tulikwenda Iringa tukarudi, gari halikudondosha tone. Jumanne iliyofuata nikaenda kwa yule mama. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Akaniamkia, nikaitikia, nikakataa soda, nikamwambia yote, bila kumtaja yule mzee mwenzangu, maana aliyeahidi kunyamaza ni mimi. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Siku ile uliniombea, mzee."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa najua si mimi. Ila mlivyosema wote, nikaanza kufikiri labda nimesema usingizini. Mwaka mzima nilikuwa naogopa kulala kwa watu."

Sikuwa na la kujibu. Akaniuliza kama mumewe anajua. Bado. Na kaka yake? Bado. Akainua ungo, akapepeta. "Basi hujaniambia kitu, mzee. Kawaambie hao, na mimi niwepo."

Nilirudi Alhamisi kwa mumewe, akiwepo yeye. Hayo nitayaacha huko huko nyumbani kwao. Nimemwandikia mchungaji kumwomba nisikae kwenye kamati ya usuluhishi mpaka wazee waamue, na yule mzee mwenzangu nimemweleza ninachokwenda kusema juu yangu mwenyewe. Kuhusu makala hii, nilimuuliza mama yule kama naweza kuiandika. Alifikiri, akasema andika, ila usinitaje, na usijifanye mzuri ndani yake. Nimejitahidi.

Leo saa tisa alasiri, baada ya ibada ya pili, tunakaa nyumbani kwa kaka mkubwa, ukoo wote. Mama ametuma ujumbe nisije na mzee mwingine wa kunisindikiza. Ameagiza pia kwamba sala ya kufungulia kikao ataomba yeye.